Baiskeli ya Waziri

Serikali ilipotuvua majina ya kizungu, Adolphine akawa Raia Kanku kwenye kitambulisho. Sisi majirani zake wa Alunguli tulikuwa tukimwita Mama Kanku tangu zamani, basi hatukupata taabu. Alikuwa mjane wa fundi wa reli kutoka Kasai, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, na kila kijana aliyetoka gerezani bila pa kwenda alilala kwake. Sharti lake lilikuwa moja tu: ulichoiba, nenda kakiazime kwa mwenyewe.

Tulimcheka, bila shaka. Mwizi wa sufuria alikwenda kuomba sufuria, akamwagiwa maji machafu, akarudi kesho yake akapewa. Lakini Okito, mmoja wa vijana wake hao, alikuwa amefungwa kwa kuiba baiskeli ya Waziri, fundi cherehani, na Waziri si mtu wa kuchezewa. Tangu alipoipata tena aliifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa cherehani, ufunguo akauvaa shingoni kama hirizi.

Okito alitaka kurudi shule. Mkuu wa shule, Raia Kabasele, alimwambia wazi: atampokea siku ambayo Waziri mwenyewe atasema mbele ya watu kwamba anamwamini.

"Mama, ule muntu ataniua," Okito alilalamika.

"Hajaua muntu. Enda umuombe kinga yake, ile baiskeli. Akikatala, kesho utarudia."

Juma zima alikwenda kuiomba baiskeli, juma zima alifukuzwa, mara moja kwa mkasi. Jumamosi asubuhi Waziri akakwama. Abakosi, suti aliyomshonea bwana harusi mmoja, ilikuwa ikisubiriwa nje ya mji, na yeye alishakosa salongo ya juma lililopita, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, hata mwenyekiti wa mtaa akawa anamkodolea macho. Na pale mlangoni, kama kawaida, kasimama Okito. Waziri akauvua ufunguo huku akiguna kama anayeng'olewa jino.

"Ukichelewa, nitakutafuta mupaka Lubutu!"

Okito alifikisha abakosi salama. Shida ilikuwa kurudi. Njia yote ilijaa watu wa salongo wenye majembe na fagio, nao wakamwona mwizi wa baiskeli juu ya baiskeli ileile. Hawakuuliza kitu. Walimkamata, wakamleta kwa shangwe hadi pale Waziri alipokuwa akifyeka majani, wakingoja kushukuriwa. Mkuu wa shule naye alikuwapo, ndani ya mtaro, na koleo lake.

"Tumemukamata tena, Baba Waziri!"

Okito alikuwa analia. Mama Kanku, aliyekuwa akifagia nasi, akatupa ufagio, akaja mbio. Waziri angenyamaza tu, kijana angerudi gerezani siku ileile.

"Mumuachilie!" Waziri akanguruma. "Njo mimi nilimutuma. Munamukamata juu ya nini?"

"Unamwamini?" Raia Kabasele akauliza kutoka mtaroni.

"Kinga yangu nilimupa na mukono yangu. Unataka nikuimbie?"

Tulicheka mpaka majembe yakatuponyoka. Mkuu wa shule naye akacheka, akamwambia Okito aje Jumatatu.

Jioni ile Mama Kanku alipita kwa Waziri, akakuta baiskeli imeegemezwa ukutani, mnyororo uko chini.

"Baba, leo haufunge?"

"Ufunguo imepotea," Waziri akajibu, macho kwenye cherehani.

Ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni mwake. Mama Kanku aliuona vizuri sana, akaaga, akaenda zake.