Mguu wa Mbele wa Kushoto

Baba yangu na marafiki zake wawili hawajui kupita mlangoni. Wakifika mbele ya mlango wowote ule, wa duka, wa zahanati, wa lifti, husimama wote watatu na kuanza: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe, wewe ndiye mkubwa, mimi niko nyuma yako. Siku moja kituoni Wembley Park treni ilifunga milango mbele ya pua zao wakiwa bado wanakaribishana, nami niko ndani nimeshika mifuko yao yote. Niliwaona kupitia kioo, wanacheka. Nilishuka kituo kilichofuata nikawangoja kwa hasira, na walipofika kila mmoja alikuwa anajilaumu kwa kuwachelewesha wenzake.

Naanza na hayo kwa sababu bila hayo mtu hawezi kuelewa jinsi tulivyompoteza farasi.

Baba alikuwa saisi kule Nairobi katika ujana wake. Alikuwa akiwaosha farasi wa Wazungu, akiwalisha na kuwatembeza asubuhi kabla jua halijawa kali. London aliendesha basi mpaka akastaafu. Rafiki yake mmoja ni Singasinga wa Kisumu aliyekuwa na duka la misumari na rangi, na wa pili ni mzee wa Tanga aliyesukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini kwa miaka mingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Wakiwa pamoja huzungumza Kiswahili, kila mtu cha kwao. Kiingereza wamekiweka kwa ajili ya benki na wajukuu. Baba ndiye mkubwa wao kwa umri, na kwa hao wawili jambo hilo ni sheria.

Mama alipofariki, baba aliacha kutoka kitandani. Hakuwa mgonjwa, madaktari walimpima wakachoka. Nilirudi kuishi naye Wembley, nikawa naenda kazini kwangu katika ofisi ya miadi ya hospitali, na nikirudi jioni nakuta chai ya asubuhi pale pale kando ya kitanda, imefanya utando. Nilimbembeleza. Nilimfokea pia, sifichi. Aliniitikia kwa upole, "Sawa, mama," akageukia ukutani. Huniita mama, kama anavyokiita kila kiumbe cha kike anachokipenda.

Habari za farasi zililetwa na yule wa Kisumu. Kulikuwa na mkufunzi mmoja wa farasi wa mbio, mwanamke mwenye zizi nje kidogo ya jiji, aliyekuwa akitafuta watu wa kushirikiana naye kumiliki farasi jike. Huyo farasi alikuwa amenunuliwa na tajiri fulani mnadani akiwa bado mtoto, kwa bei ya kutisha, kwa sababu ya baba yake na babu yake. Tajiri alipoona mambo si mambo akamwachia mkufunzi. Alikuwa farasi wa damu safi, mwenye ukoo mrefu kuliko wa wafalme wengi, na miguu isiyo na haraka yoyote.

Wazee wakakubaliana kila mmoja achukue mguu mmoja, yaani robo, na wa nne ubaki kwa mkufunzi. Mzee wa Tanga, Mwislamu ambaye hajawahi kubeti hata juu ya mvua, alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, kisha akasema kubeti ni haramu lakini mguu wa farasi ni mguu wa farasi. Baba alichagua mguu wa mbele wa kushoto. Saisi husimama upande huo anapomwongoza farasi, alisema.

Nilichukia. Niliona wazee watatu wanatupa akiba zao ndani ya samadi. Lakini Jumapili ya kwanza nilipowapeleka zizini, baba alimwendea yule farasi kwa kushoto, akamwekea kiganja shingoni, na farasi akaingiza pua katika mfuko wa koti lake. "Umekula, mama?" baba akamuuliza. Wakakaa hivyo. Njiani kurudi, baba aliniambia ana njaa. Nilikuwa sijamsikia akisema hivyo tangu msiba, na nilisimamisha gari kando ya barabara nikijifanya natafuta miwani.

Basi nikafunga domo langu. Tangu hapo kila Jumapili nilimkuta amekwisha kunyoa ndevu, amevaa, ananisubiri na funguo za gari mkononi.

Farasi mwenyewe hakushinda kitu. Mbio za huku nyingi zina ofisa, huitwa handicapper, anayempa kila farasi alama kwa kadiri ya uwezo wake, na mwenye alama nyingi hubebeshwa vipande vizito vya madini ya risasi chini ya tandiko, ili wenye nguvu na wanyonge wafike karibu pamoja. Ukishindwa unapunguziwa. Wetu alipunguziwa, akapunguziwa tena, na bado alirudi kila mara akitazama mikia ya wenzake.

"Huyo handicapper amempunguzia mpaka amechoka yeye," alisema mzee wa Kisumu. "Imebaki kumpa baiskeli."

Mwishowe mkufunzi akatuita ofisini kwake. Alisema zimebaki mbio za aina moja tu anazoweza kushinda, mbio za chini kabisa, ambazo mshindi hupigwa mnada pale pale, akiwa bado anatoka jasho. Mtu yeyote anaweza kumnunua. Mwenye farasi naye anaruhusiwa kutaja bei, na akiwashinda wengine anarudi naye nyumbani.

"Just make sure one of you bids," alituambia. "Any one of you. You've got the money."

Pesa kweli walikuwa nazo, walikwisha kuziweka pamoja kwa ajili ya matumizi yake ya mwaka. Wote watatu wakaitikia kwa vichwa.

Siku ya mbio nikawauliza ndani ya gari, "Sasa ni nani atakayeinua mkono?"

"Mzee si yupo?" alisema wa Tanga.

"Tutasikizana," alisema baba.

"Ashinde kwanza," alisema wa Kisumu, na wote wakacheka. Nami nikacheka, maana hakuna mtu ndani ya gari lile aliyeamini angeshinda.

Akashinda. Ilikuwa siku ya kazi, mvua nyembamba, jukwaani watu wa kuhesabika, nao wengi wanatazama simu. Alitoka nyuma upande wa nje, kwa mwendo wake ule ule wa kutojali, ila safari hii wenzake walikuwa wabovu zaidi yake. Mzee wa Tanga alinikumbatia, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baadaye. Wa Kisumu alimkumbatia mlinzi. Baba hakupiga kelele. Alisimama anafuta machozi kwa kofia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona analia kwa kitu kisichokuwa mama.

Walipigwa picha na farasi. Kisha mkufunzi akawapa mikono, akakimbilia kumwekea tandiko farasi mwingine wa mbio zilizofuata. Hakuwa na wasiwasi, kwa sababu alikwisha kuwaeleza. Farasi wetu akaanza kuzungushwa polepole, mvuke ukimtoka mgongoni, na mnadi akapanda kijukwaa chake na kipaza sauti.

Alitaja bei ya kuanzia, ndogo, kama ya gari kuukuu. Mtu mmoja mwenye kofia ya kahawia, aliyeegemea uzio, akatikisa karatasi yake. Mnadi akageuka kwetu. Baba alikuwa anamtazama farasi. Wale wawili walikuwa wanamtazama baba.

"Baba, inua mkono," nilimnong'oneza.

"Ngoja kwanza, mama."

Mtu wa pili akapandisha, yule wa kofia akapandisha tena. Bado ilikuwa bei ambayo wazee wangeiweza bila kuumia. Nikainua mkono wangu mwenyewe. Baba akaukamata hewani akaushusha, akaubana ndani ya kiganja chake. "Si wetu peke yetu," alisema. Nilimgeukia mzee wa Tanga, naye akainamisha macho kama mtu aliyeingia chumba cha wakubwa kwa bahati mbaya. Wa Kisumu alikuwa anachezea bangili yake ya chuma.

Yule mnadi alikuwa mwungwana. Alisubiri, akasubiri tena. "Gentlemen," alisema, "she's your mare." Wakamtabasamia wote watatu, kwa adabu. Akagonga nyundo.

Farasi akawa wa yule mwenye kofia.

"Kumbe hukumtaka, kaka?" mzee wa Tanga aliuliza.

"Nilikuwa nawangoja nyinyi mseme," alisema baba. "Ningeinuaje mkono na pesa ni zenu pia?"

"Sisi tulikuwa tunakungoja wewe, mzee," alisema wa Kisumu. "Tungepitaje mbele yako?"

Wakaanza kuombana radhi, pale kwenye mvua, kila mmoja akitaka kosa liwe lake. Nilitamani kuwagonganisha vichwa. Msichana wa zizini, macho mekundu, alimuuliza baba kama angependa kumuaga farasi. Baba alikwenda upande wa kushoto, akashika kamba karibu na kidevu cha mnyama, akamwongoza hatua chache mpaka kwa yule mwenye kofia, akampa kamba kwa mikono miwili na kurudi nyuma kidogo. Sikumjua baba yangu alipokuwa saisi. Siku ile nilimwona, na sikupenda nilichokiona.

Tulipokuwa tunatoka, langoni, wakasimama. "Tangulia," alisema wa Tanga. Nikawaacha hapo hapo nikaenda kukaa garini, nikapiga usukani kwa ngumi.

Sina mengi ya kusema juu ya miezi iliyofuata. Wazee waliendelea kuja kunywa chai Jumapili, wakazungumzia sukari, mafuta ya kupasha nyumba joto, nani amezikwa. Farasi hakutajwa. Mwenye kofia alimpeleka katika mbio mbili tatu, na kwa kuwa alikuwa ameshinda, yule ofisa alimpandishia alama na risasi zikaongezwa. Ushindi wenyewe ukawa mzigo wake. Baba alizitazama mbio hizo kwenye televisheni bila sauti. Alipomwona anamaliza wa mwisho, kichwa chini, alizima, na baada ya hapo hakuwasha tena. Ndevu zikaota. Siku moja nikarudi kutoka kazini, nikakuta chai ya asubuhi imefanya utando.

Nilijua basi tunarudi kule kule. Niliogopa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu safari hii hakukuwa na kitu cha kumletea.

Majira ya baridi yalipoanza kukaza, mchana mmoja niliokuwa nyumbani, mzee wa Kisumu aligonga mlango akihema, wa Tanga nyuma yake hajafunga hata kamba za viatu. Wa Kisumu alinionyesha simu. Farasi wetu alikuwa kwenye mnada mkubwa wa majike wa kuzalisha, mji mwingine, saa kadhaa kwa barabara. Amekwisha kuacha mbio, wanamuuza kwa ajili ya tumbo lake na jina la babu yake. Walibaki farasi wachache kabla yake.

Nilipiga simu huko mnadani. Mwanamke aliyepokea alikuwa na sauti ya huruma. Mnunuzi mpya lazima awe amejiandikisha kabla, alisema, na benki yake iwe imethibitisha. Kwa kesho ingewezekana. Nilimwambia hakuna kesho, ni huyu mmoja tu. Nilimwambia kuna mzee hapa. "I'm so sorry, madam," alisema, na nilisikia kwamba ni kweli anasikitika, na kwamba haisaidii.

Baba alikuwa amekwisha kutoka chumbani, amevaa shuka mabegani. Mnada ulikuwa unaonyeshwa moja kwa moja, tukaiegemeza simu kwenye kopo la sukari juu ya meza, na wakakaa wote watatu kwenye kochi moja, magoti yamegusana, baba katikati. Niliwaeleza kwamba haiwezekani kununua. Nilisema wazi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwamba huko hawatuoni wala hawatusikii, tunatazama tu.

"Tumeelewa," alisema baba.

Farasi wetu akaingia. Alikuwa amekonda, manyoya yameota marefu kwa baridi, na yule aliyemwongoza alitembea upande wake wa kushoto. Alizunguka na mwendo wake ule ule. Mnadi, si yule wa kwanza bali mwingine aliyezungumza haraka kama mtu aliyechelewa basi, alitaja ukoo, akaomba bei, hakupata, akateremka. Akateremka tena. "Who'll start me?" alisema. "Anyone?"

Baba akainua mkono.

Nilidhani anataka maji. Kisha nikaona wa Tanga ameinua wake, na wa Kisumu wake, bangili imeteleza mpaka kwenye kiwiko, na sikuweza kusema ni nani aliyeanza baada ya baba kwa sababu hakuna aliyemtazama mwenzake. Walikuwa wanakitazama kile kioo kidogo. Huko mnadani mtu akapatikana, bei ikapanda kidogo, ikasimama. Baba akaushikilia mkono wake kwa mkono wa pili. Mnadi akaangaza macho ukumbi mzima, kushoto na kulia, akauliza kama kuna mwingine.

Akagonga nyundo. Farasi akatolewa, akaletwa mwingine, na mikono mitatu ilikuwa bado juu.