Safari ya Laisamis Kumtafuta Nyaundi

Tuliondoka nyumbani Kiptere kwa sababu Baba alikuwa anasahau, na ni yeye peke yake aliyejua mahali Nyaundi alipozikwa.

Nyinyi wa huku kwetu mnamjua Baba kama mkulima wa majani chai na mzee wa kanisa. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa dereva wa lori. Alikuwa akipakia viazi na kabichi Silibwet na Merigi, kisha anazipeleka mpaka Marsabit, wakati ule barabara ya kaskazini ilipokuwa mawe na vumbi tupu. Nyaundi, Mkisii aliyezaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, alikuwa fundi wake wa njiani. Baba, kwa ulimi wetu wa Kipsigis, alimwita Nyaunti, na Nyaundi hakuwahi kumsahihisha.

Safari moja wakavamiwa na majambazi wenye bunduki, mahali fulani baada ya Merille. Baba alirudi peke yake. Alimwambia mke wa Nyaundi, ambaye sote tunamwita Mama Moraa, kwamba mumewe alipigwa risasi akafa papo hapo, na kwamba yeye mwenyewe alimzika kwa mikono yake chini ya mgunga. Hakuendesha lori tena. Tangu hapo Mama Moraa hakuwahi kulima peke yake wala kukosa mahindi ya msimu. Fujo za uchaguzi zilipokuja na watu kama yeye wakaambiwa warudi kwao, Baba alikaa mlangoni pake na rungu siku tatu mfululizo. Sisi watoto tulikua tukijua kwamba baba yetu ni mtu wa namna hiyo.

Mwaka jana alianza kutia chumvi kwenye chai. Baadaye akawa ananiita kwa jina la mama yetu, aliyekwisha kufariki. Jumapili moja baada ya ibada, Mama Moraa alinishika mkono nje ya kanisa.

"Chelangat, kabla hajamaliza kusahau, anipeleke. Nione tu pale mahali. Nimechoka kulilia hewa."

Nilimwambia ndugu yangu Bett, mwenye gari aina ya Probox. Bett alisema ni mbali na Baba hana nguvu. Siku mbili baadaye akapiga simu mwenyewe akiuliza tunaondoka lini.

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, tulitoka Kiptere. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha na chai ilikuwa imelala kijani pande zote za barabara. Bett alishika usukani, mimi nikakaa naye mbele, na nyuma wakakaa Baba na Mama Moraa. Baba alikuwa amevaa koti lake la Jumapili na kofia. Kila tulipopita mji alisoma kibao kwa sauti, kama mtoto: Kericho, Londiani, Molo. Mama Moraa alimmenyea ndizi, akamfunga vifungo vya koti, akamwambia, "Mzee, kumbuka pole pole, usijisumbue."

Saa tano tulikuwa Nyahururu, na alasiri tukapita Nanyuki, mlima ukiwa wazi mpaka kwenye theluji yake. Baada ya Timau barabara inaanguka. Mashamba ya ngano yanaisha ghafla, na mbele yako kunafunguka nchi ya manjano isiyo na mwisho, na vilima vya buluu vimesimama kila kimoja peke yake. Bett aliegesha gari ili tupige picha. Hewa iliyopanda kutoka kule chini ilikuwa ya joto. Baba alitazama kwa muda mrefu, kisha akakataa kushuka garini.

"Huko sina kazi," alisema. "Turudi."

Tulilala Isiolo. Asubuhi aliamka mchangamfu, hajui tuko wapi, akatuombea wote kabla ya chai.

Baada ya Archer's Post nilielewa kwa nini watu wanatoka ng'ambo kuja kuiona nchi hii. Mlima Ololokwe ulisimama mkono wa kushoto kama ukuta uliokatwa kwa msumeno. Tuliona twiga, tukaona choroa wenye pembe ndefu zilizonyooka, na ngamia zaidi ya mia wakivuka lami bila haraka. Katika siku nyingine ingekuwa furaha. Lakini hiyo lami ndiyo iliyotuumiza. Baba aliijua barabara ya mawe na makorongo, na hii ilikuwa nyeusi, laini, yenye mistari myeupe.

"Mzee, ni hapa?" Mama Moraa aliuliza tulipovuka daraja la Merille.

"Hapa ni wapi?"

"Ni Merille, mzee. Mahali mlivamiwa."

"Sijawahi kufika," Baba alisema kwa adabu, kama anayemjibu mtu asiyemjua.

Bett aliendesha taratibu, akasimamisha gari mara nne. Kila mara tulimshusha Baba, akasimama kando ya barabara ameshika kofia ili upepo usiichukue. Migunga ilikuwa elfu na elfu. Mara ya nne Mama Moraa hakushuka. Alibaki garini ameinamisha kichwa, na nikajua anaona kwamba tumechelewa.

Saa sita tuliingia Laisamis tukiwa hatuna mpango. Tukaingia hoteli moja ya mabati kunywa chai. Bett alimuuliza mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu nasi kama amewahi kusikia habari ya lori la viazi lililovamiwa zamani. Mzee yule alimwonyesha kwa kidevu mwanamke aliyekuwa anatumiminia chai, mwenye hoteli, wa umri wangu au kunizidi kidogo. Jina lake Nasieku.

"Uliza huyo. Hiyo ilikuwa karibu na boma ya baba yake."

Nasieku aliweka birika chini. "Lori ya viazi? Naikumbuka. Tulikula viazi mwezi mzima. Na yule mtu wa mguu."

"Mtu gani wa mguu?" Bett aliuliza.

"Yule fundi. Alipigwa risasi hapa." Akajigusa paja. "Baba yangu alimpata chini ya mti. Tukamchukua nyumbani. Mimi nilikuwa msichana, ndio nilikuwa nampelekea maziwa ya ngamia."

Nilitaka kumkanyaga mguu, kumkonyeza, kumwaga chai, kufanya lolote. Lakini nilikaa tu. Hakujua anaongea mbele ya nani.

Mama Moraa ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Aliishi siku ngapi?"

"Nne. Ya tano asubuhi akaenda. Hapakuwa na gari ya kumpeleka hospitali, unajua zamani hii barabara ilikuwa inakaa hata wiki bila gari. Alisema dereva wake ameenda Isiolo kuleta msaada. Kila jioni alikuwa ananiuliza, 'Gari imekuja?' Nikamwambia bado. Hata ile siku ya mwisho aliuliza."

Kisha akamwangalia Baba, ambaye alikuwa anakoroga chai yake bila kukoma, na uso wake ukabadilika. Akamwangalia Mama Moraa.

"Wewe ni nani ya yule fundi, mama?"

"Ni bwana yangu."

Nasieku alifunika mdomo kwa mkono. Bett alisimama, akatoka nje, akapiga bati teke. Ng'ombe anapochinjwa kuna muda ambapo bado amesimama. Mimi nilijihisi hivyo. Maneno ya Baba ya miaka yote, ya kuzika kwa mikono yake chini ya mgunga, nilikuwa nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba niliweza kuuona ule udongo kwenye kucha zake. Haukuwahi kuwapo.

"Unaweza kutupeleka mlipomlaza?" Mama Moraa aliuliza.

Saa nane, na jua likiwa kali vibaya, Nasieku alifunga hoteli akaingia garini nasi. Tulirudi nyuma kuelekea Merille, tukaacha lami tukafuata njia ya zamani mpaka Probox ikashindwa na mchanga. Kutoka hapo tulitembea kama nusu saa. Bett alimshika Baba mkono mmoja na mimi mwingine. Mama Moraa alitangulia na Nasieku, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Ilikuwa rundo la mawe chini ya kilima kidogo cheusi, kubwa kuliko nilivyotarajia, limenifika kifuani.

"Zamani hatukuwa tunazika kila mtu," Nasieku alisema. "Lakini baba yangu alisema huyu ni mgeni, tumwekee mawe. Watu wakipita na mifugo wanaongeza jiwe. Mpaka leo. Hata watoto hawamjui ni nani, wanaongeza tu."

Mama Moraa aliuliza kichwa kiko upande gani. Akaonyeshwa. Akaketi chini upande ule, miguu imenyooshwa mbele, kama wanavyoketi mama zetu wakichambua mboga, akaweka mkono juu ya mawe. Aliongea Kikisii, polepole, na sisi tukasogea kando. Hakulia. Alipomaliza akamwita Baba.

"Mzee. Njoo hapa."

Tulimleta. Alisimama mbele ya mawe akiyumba kidogo kwa joto.

"Ulimwambia nini ukiondoka?"

Baba alivua kofia. Sijui ni mahali, ni kile kilima, ama ni sauti ya Mama Moraa. Macho ya Baba yalikuwa ya mtu aliyeamka.

"Nilimwambia narudi sasa hivi."

"Ukarudi?"

Aliangalia upande ambao barabara ya zamani ilipita.

"Nilifika Isiolo," alisema. "Nikapata gari ya kwenda Kericho. Nilisema kesho. Halafu nikaogopa. Niliogopa sana, Mama Moraa."

Nzi walikuwa wanatembea usoni mwa Baba na hakuwafukuza. Mama Moraa alimwangalia, akamwangalia, na nilimwona anatafuta neno, nikangoja, nikiomba liwe neno ambalo tutaweza kurudi nalo nyumbani. Lakini Baba alivaa kofia, akanigeukia, na yale macho yalikuwa yamekwenda tena.

"Ng'ombe wamekamuliwa?" aliniuliza.

Tuliokota mawe tukaongeza, kila mmoja lake. Baba nilimpa mkononi akaliweka.

Jumamosi tulirudi. Mama Moraa aliomba kukaa mbele, kwa hiyo mimi nilikaa nyuma na Baba. Ndizi nilimmenyea mimi. Tulipopanda kutoka Isiolo ile nchi ya manjano ilibaki nyuma yetu, na hakuna aliyeomba tusimame kuitazama. Karibu na Nyahururu, baridi ikiwa imeanza, niligundua kwamba Baba amejikojolea, anatetemeka na kuona aibu bila kujua ni ya nini. Nilikuwa natafuta cha kumfunika. Mama Moraa alifungua leso yake kiunoni, akainyoosha nyuma juu ya bega bila kugeuza uso.

"Mfunike," alisema. "Atapata homa."

Jioni, kabla giza halijaingia, tulifika Kiptere. Bett alisimamisha gari kwenye lango la Mama Moraa, naye akashuka na mfuko wake. Baba aliteremsha kioo. Alikuwa anatabasamu, amefunikwa leso ya maua mpaka kifuani.

"Nisalimie Nyaunti," alimwambia. "Mwambie gari iko sawa. Tutaondoka Jumatatu."

Mama Moraa alisimama akiwa ameshika lango. Bett alilaza kichwa kwenye usukani.

"Nitamwambia, mzee," Mama Moraa akasema, akaingia ndani.

Hiyo ndiyo safari, na mmeniuliza kanisani na sokoni ilikuwaje, ndiyo maana nimeieleza yote bila kuficha jina la Baba. Kwa muda nilifikiri nimejifunza kwamba baba yangu alikuwa mwongo. Wiki mbili baada ya kurudi nilimpelekea Mama Moraa mahindi, kama alivyokuwa anapelekewa siku zote. Aliyapokea. Nilipoanza kumwambia kwamba Baba hata hivyo alimsaidia miaka mingi, kwamba alikaa mlangoni pake wakati wa fujo, alininyamazisha.

"Usinieleze alikuwa mzuri kwangu. Najua. Angekuwa mbaya, ningemchukia nipumzike."

Kisha akaniuliza kama Baba anakula, nikamwambia anakula kidogo tu, na tukakaa pale tukipukuchua mahindi mpaka gunia likaisha.