Harufu ya Jikoni Kitisuru

Obuya, fundi wa mabomba kutoka mtaa wa Jamhuri, Nairobi, hakuwa akigusa sinki kabla ya kuuliza limemwagiwa nini, kwani asidi ya kuzibulia ilikuwa imempofusha jicho moja. Asubuhi moja aliitwa kwenye nyumba moja mtaani Kitisuru; maji ya sinki yalikuwa yakishuka polepole, na Namalwa, mpishi wa nyumba hiyo, alikuwa akikohoa.

"Dada, umemwaga nini humu?"

"Maji moto tu."

Obuya aliinama, harufu kali ikamchoma koo. "Niambie ukweli!"

"Asidi. Ilipokataa, nikaongeza dawa ya kutoa madoa."

Obuya alijua viwili hivyo vikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Akamshika mkono, wakatoka mbio. Namalwa alilazwa hospitalini siku tisa, akatoka na sauti ya kunong'ona. Obuya alipolifungua bomba baadaye, alikuta donge dogo la mafuta ya kupikia yaliyoganda, la kutolewa kwa mkono tu.