Kura Mbili za Pwani

Mmenijazia meseji wiki nzima: "Mdau, tufanyie uchambuzi wa wale watatu waliotaka urais kupitia Ngao. Nani alikuwa na nini, nani hana." Sifanyi. Chama chenyewe cha Ngao ukikitaja stendi ya Kibaha, watu tisa kati ya kumi watadhani ni kampuni ya ulinzi. Na uchambuzi wa wale watatu ulishafanywa na wazee wawili, mwezi mzima, kwa matusi, kwenye simu. Mmoja wao sasa hayupo. Naandika habari za aliyebaki.

Anaitwa Masanja Mahona. Anakaa Misugusugu, ndiye anayeniuzia maziwa. Alitoka Maswa zamani na kundi la ng'ombe, akawa anashuka nalo kufuata majani mpaka majani yakamleta Pwani. Kundi limekwisha, viwanja vimemzunguka pande zote, wamebaki ng'ombe wachache ambao mkewe Juliana anawaita "wastaafu". Mzee mrefu, mkimya, anavaa koti hata jua la mchana likiwa linatoboa.

Ukitaka kujua aliingiaje kwenye chama kisicho na mbele wala nyuma, ni hivi. Wakati bado ana kundi, ng'ombe wake waliingia shamba la muhogo huko Masaki. Siyo Masaki ya Dar, ya maghorofa. Masaki ya Kisarawe, ya muhogo na mikorosho na mkaa. Shamba lilikuwa la Mwinjuma, Mzaramo, katibu wa tawi la Ngao. Mnajua mambo ya mkulima na mfugaji yanavyoishaga. Masanja alishika fimbo yake, akamngoja mwenye shamba aje na panga.

Mwinjuma akaja mikono mitupu. Akawatazama ng'ombe, akamtazama Masanja.

"Wewe kabila gani?"

"Msukuma."

"Ah! Ndiyo maana. Ng'ombe wako wana adabu kuliko wewe, wao angalau wanainama wakila. Nyie si ndio mlifika Dar mkaona bahari mkauliza hili lambo la nani?"

Masanja akateremsha fimbo. Mzaramo na Msukuma ni watani. Kwa asiyejua, mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akaondoka na kuku wako, na huna pa kumshtaki. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo kesi ikafa palepale. Mwinjuma akasema hataki fidia yoyote, anachotaka ni Msukuma achukue kadi ya Ngao, maana tawi lilikuwa na watu wachache mpaka aibu. Masanja akachukua. Hakujua hata sera.

Miaka ikapita, wazee hawa wawili ndio wakawa wajumbe wa mkoa wa Pwani kwenye mkutano mkuu. Kura mbili. Na kila mkutano zilikuwa zinauana, huyu kule, huyu huku. Wajumbe wa mikoa mingine walikuwa wanacheka, "Pwani mngebaki tu nyumbani mkale futari."

Uchaguzi uliopita ilikuwa mbaya zaidi. Masanja yuko kwenye foleni ya kupiga kura ya kumpata mgombea, simu ikalia. Mwinjuma. "Mtani, kimbia! Ng'ombe wako kagongwa na lori Morogoro Road, watu wanagombania nyama!" Mzee wa watu akatoka mbio, akadandia boda mpaka Misugusugu. Ng'ombe kamkuta amelala chini ya mwarobaini, anacheua. Mwinjuma alikuwa amempigia akiwa chooni, ukumbi uleule.

Masanja alikasirika, kisha akacheka, kisha akaapa. "Mzaramo huyu hanipati tena. Hata aniambie mama yangu kafufuka, sitoki ukumbini."

Sasa mwaka huu. Watatu wakachukua fomu ya kuomba chama kiwateue. Mzee Jumbe, mwanzilishi, ambaye ameshagombea urais mpaka imekuwa ndiyo kazi yake. Mheshimiwa Faraji, aliyekatwa kwenye kura za maoni za chama kikubwa, akahamia Ngao na magari yake na spika zake. Na Mwalimu Recho, mstaafu, katibu wa wanawake, mtu wa kuzungumza taratibu kama anasahihisha madaftari.

Masanja alikuwa wa Recho. Mwinjuma alikuwa wa Faraji. Jumbe hakuna aliyemtaka, hata yeye mwenyewe sidhani kama alikuwa anajitaka.

Nilikuwa naletewa maziwa, simu ya Masanja ina sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia mengi.

"Huyo mwalimu wako mzuri," Mwinjuma anasema, "lakini hana hata baiskeli. Kampeni ya nchi nzima atafanya kwa chaki?"

"Recho alikuja kwangu mwaka ambao hakuna uchaguzi. Alikaa kwenye kigoda. Faraji wako anajua Misugusugu iko wapi?"

"Anapita kila siku na gari lake. Anakuona umesimama na dumu, anadhani wewe ni alama ya barabarani."

"Mtani, huyo ametoka kwao juzi kwa sababu kakatwa. Aliyehama kwa hasira atarudi hasira zikiisha."

"Na wewe ulihama Maswa kwa nini? Kwa mapenzi? Sikiliza wewe mla michembe, mla viazi vikavu. Mimi nimebeba chama hiki tangu nina meno yote. Nataka kabla sijafa nione bendera ya Ngao juu ya gari linalotembea. Siyo gari zuri. Linalotembea tu."

"Hutakufa wewe. Wazaramo mkimaliza kuuza viwanja mnahamia barabarani, mnaishi milele."

Lakini kuna siku Masanja aliacha utani. Nilimsikia anasema polepole, "Mwinjuma, mara hii moja tu. Twende na mtu mmoja. Tumezeeka, hatujawahi kuwa upande mmoja hata siku moja." Halafu Mwinjuma akasema, "Nitafikiria." Hakuongeza tusi. Masanja alifurahi mpaka akanizidishia maziwa. Hicho tu ndicho mzee alikuwa anakitaka mwaka huu. Siyo Ikulu. Alitaka yeye na mtani wake wawe upande mmoja.

Siku ya mkutano ikafika. Ukumbi wa kukodi kule Mbezi, wa harusi, mapambo ya harusi ya jana yake bado yananing'inia. Masanja kafika mapema, kawekea kiti cha jirani koti lake ili Mwinjuma akae. Watu wanajaa, Mwinjuma haonekani. Faraji kahutubia, makofi. Jumbe kahutubia, watu wamesinzia. Recho anasimama ahutubie, simu ya Masanja inalia.

"Mtani, siwezi kuja. Kifua kimenibana. Njoo."

Masanja akacheka. Ananihadithia hili huku anatazama ukuta. Akacheka kwa sauti, mpaka walio mbele wakageuka.

"Mara hii ni kifua? Ng'ombe wamekwisha?"

"Masanja. Sifanyi utani. Njoo."

"Kufa basi. Nikimaliza kupiga kura nakuja kukucheka."

Akazima simu, asije akaitwa tena.

Msinilaumie mzee. Mtani akikwambia "sifanyi utani", hayo nayo ni maneno ya utani, wameshaambiana mara mia. Mtu mwingine yeyote angepigiwa simu ile angekimbia. Mimi ningekimbia. Yeye peke yake ndiye asingeweza kukimbia.

Akapiga kura. Recho akashindwa vibaya. Siyo kwa kura moja wala mbili, angekuwepo Mwinjuma upande wowote isingebadilisha kitu. Faraji akabebwa juujuu, spika zikafunguliwa. Masanja akatoka nje, akawasha simu ampigie mtani wake amwambie haya, umeshinda, sema sasa. Akapokea Mwanamvua, mke wa Mwinjuma. Alikuwa analia.

Walikuwa wamemtoa nyumbani kwa bodaboda, wamempakata katikati, hawakufika hospitali.

Kesho yake mazishi, Masaki. Hapa ndipo naomba mnisikilize, nyie mnaosema mila zimepitwa na wakati. Kwenye msiba wa Mzaramo mtani ana kazi. Wakati wengine wanalia, yeye anavaa kanzu ya marehemu, anatembea kama marehemu, anamwiga alivyokuwa anakohoa, anakaa njiani anazuia jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Watu wanacheka katikati ya machozi. Ndiyo inavyowasaidia. Na kwa Mwinjuma kila mtu alijua mtani ni nani.

Wakampa kanzu. Masanja akaishika.

"Mtani, vipi?" mzee mmoja wa ukoo, Mwinyimadi, akamwambia. "Tunakungoja wewe. Unatuzikia mtu kama mgeni?"

Masanja akajaribu kukohoa kikohozi cha Mwinjuma, kikamgeukia, akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, na kanzu ya watu mikononi. Kulia ni kwa wafiwa. Mtani halii. Watu wakaangaliana.

Mwishowe wakaenda kumwita Msukuma mmoja anayechoma mkaa huko porini. Hakuwahi kukutana na Mwinjuma maisha yake. Akavaa kanzu, ikamfika magotini, akaruka ruka, akasema Mwinjuma alikuwa mvivu mpaka kifo kimebidi kimfuate nyumbani. Watu wakacheka. Akapewa kuku. Masanja alikuwa amekaa nyuma ya jiko na akina mama wanaomenya muhogo, na hakuna aliyemfukuza.

Tulidhani ndiyo basi, ataachana na siasa. Wapi. Wiki iliyofuata namwona na dumu la maziwa upande mmoja wa baiskeli na fomu upande mwingine. Mgombea urais lazima apate wadhamini mikoani, watu wenye kadi za kura wa kumwekea sahihi. Masanja alikuwa anazunguka Misugusugu na Sofu, nyumba kwa nyumba, kumtafutia wadhamini Faraji.

Nikamwuliza, "Mzee, si ulisema huyu jamaa ni wa hasira tu?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Mwinjuma alikuwa anamtaka."

Juliana alinuna. "Unambebea fomu mtu asiyekujua."

"Simbebei yeye," Masanja akasema.

Kwenye maduka ya Sofu walimcheka, "Mzee, Ngao wanalinda na usiku?" Yeye anatoa kalamu tu. Akapata sahihi zote za Kibaha, na za Kisarawe akaenda kuzitafuta mwenyewe.

Mmeshajua kilichotokea, mlikiona kwenye simu zenu na mkacheka. Zimebaki siku chache fomu zirudishwe tume, Mheshimiwa Faraji akaitisha waandishi, akasema ametafakari, anarudi nyumbani. Nyumbani ndiyo kule kule alikokatwa. Akavaa kofia yao hapohapo mbele ya kamera. Ngao ikabaki bila mgombea.

Mimi nilikwenda kwa Masanja nikidhani nitamkuta anatukana. Hakuwepo. Alikuwa ameondoka na boda ya kwanza kwenda Masaki.

Mwanamvua ndiye alinisimulia yaliyobaki. Anasema alifika, akasalimia, akapita moja kwa moja mpaka kwenye kaburi chini ya mikorosho. Akasimama. Akasema, kwa sauti ya kugomba, "Haya, Mzaramo. Nilikwambia. Nilikwambia atarudi, hukunisikia. Sasa nani mjinga?"

Akangoja.

Akarudia, "Nimesema nani mjinga?"

Mwanamvua akamfuata, akamshika mkono wa koti. Masanja akamgeukia, na kwa jinsi mama wa watu alivyonieleza, alikuwa anaomba kweli kweli: "Shemeji, nitukane basi wewe. Kwa niaba yake. Neno moja tu."

Mwanamvua akafikiria. Akajaribu. Anasema alitafuta tusi, yale yote aliyoyasikia miaka na miaka mumewe akiyapiga kwenye simu, hakuna hata moja lililokuja.

"Shemeji, mimi siwezi," akamwambia. "Mimi nakuheshimu. Njoo unywe chai."