Wenyeji Waliokosekana Kituoni Tassia

Juzi kwenye kituo cha matatu cha Tassia, msichana aliyevaa jaketi la kazi la kung'aa alikuwa akifanya utafiti wa kuamua kama kituo kihamishwe. Alianza na mama anayeuza sukuma wiki.

"Mama, wateja wako hushukia hapa?"

"Sijui, mwanangu. Hii meza nimeshikia mtu tu."

Akamgeukia fundi wa viatu. Naye akasema ameshikia mtu, na kiatu kiko mapajani, nusu kimeshonwa.

"Kwani wenyewe wako wapi? Nikiandika hapa hakuna biashara, kituo kitaenda."

"Waliotubomolea vibanda pia walianza na maswali," mama akasema. "Tena walikuwa na adabu kuliko wewe."

Msichana akanijia mimi niliyesimama kando. Najua Mungu hapendi uongo, lakini jaketi lile lilinitia wasiwasi. Nikasema mimi ni mpita njia. Akaangalia slipa zangu za bafuni na pakiti ya maziwa mkononi, akashukuru, akaandika vile nilivyosema.

Bado simwamini. Ila kituo kikihamishwa na mama akose wateja, najua nitakuwa wa kwanza kulalamika kwamba hatukuulizwa.