Mfungo wa Mwalimu

Niliondoka asubuhi bila kuaga, bila kujua niendako. Mvua ilikuwa haijanyesha Mwereni misimu miwili, na mbuzi waliokufa walikuwa wameachwa kando ya njia.

Nilikuwa nimekaa siku tano kwa mwalimu wa kanisa, yeye, mkewe na mtoto wao mchanga. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini kuuliza sijaacha. Alikuwa na kijitabu kuhusu Wakristo wa mwanzo, walivyokula na walivyopokea wageni. Kila jioni nilimchokonoa.

"Mgeni alikaa siku ngapi?"

"Mbili. Tatu akiwa na shida. Zaidi ya hapo, afanye kazi."

"Na nyumba ikiwa haina chakula?"

"Wenyewe wanafunga, mgeni anakula."

Nikaliandika hilo kwenye daftari langu, limenipendeza. Kazi sikuomba.

Kwao mgeni huandaliwa peke yake barazani, kwa hiyo ya jikoni sikuyaona. Jumatano mwalimu aliniambia wanafunga, kama wale wa kale. Ijumaa vilevile. Jumamosi bado nililetewa sima na mboga ya mchunga, peke yangu.

"Mwalimu, hata leo? Mtampita Yesu!"

Akacheka, midomo imepasuka. "Kula wewe, mdadisi."

Jumapili alfajiri nikamsikia mkewe nyuma ya ukuta wa udongo. "Maziwa yamekauka, baba. Mtoto ananyonya ngozi tu."

"Nyamaza. Mgeni atasikia."

Mtoto hakulia. Ndipo nilipogundua kwamba tangu juzi sikuwa nimemsikia akilia.

Nikabeba mfuko wangu. Niliona haya kuwatazama usoni, na sikuwa na cha kuwaachia. Lori la makaa likanifikisha Ramisi, nikatembea mpaka Bodo, pwani. Nyumba ya kwanza nilimkuta mama mmoja wa makamo akikuna nazi uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi na vumbi lote hilo?"

"Bara. Naomba pa kulala. Nipe kazi yoyote, hata sasa hivi."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe mbona waanza na jembe? Hebu keti."

Akaleta sima na dagaa wa nazi. Sikunawa.

"Na nyinyi mtakula nini?"

"Hichohicho."

"Naomba nione sufuria, mama."

Akanikodolea macho. "Astaghfirullah! Mgeni gani huyu akagua vyungu vya watu?" Lakini akaenda jikoni, akarudi nayo, akafunua kifuniko. Sima ilikuwa imejaa, ikitoa moshi.

Nikanawa, nikala. Akanitandikia mkeka barazani, akaniambia kesho nitapasua kuni.

Kama yale maziwa yalirudi, sijui. Mimi niulizaye kila kitu, hilo sijarudi kuliuliza.