Kenge na Mayai Kumi na Moja

Ziwa lilipopanda, majirani zangu wa Kavimvira waling'oa mabati yao na kuhamia juu mlimani. Mimi nilibaki. Mume wangu alikwisha kufa, na binti yangu wa pekee ameolewa Kamanyola. Alinipigia simu kila Jumapili baada ya misa.

"Mama, weye unabakia na nani pale? Kuya kwangu."

"Kuku yangu iko inalalia mayai," nilimjibu. "Vifaranga vikitoka, nitakuya."

Ukweli ni kwamba sikutaka kuwa mgeni jikoni kwa mtu, hata kama mtu huyo nilimzaa mwenyewe. Mayai yalikuwa kumi na moja, na ndiyo sababu pekee niliyobaki nayo.

Aliyenitembelea alikuwa kenge, mrefu karibu sawa na kitanda changu. Kila asubuhi alipanda ukuta wa jirani uliozama nusu, akaota jua. Hana haraka yule. Mwili usipopata moto, hawindi. Ukishapata, anateleza majini na kuibukia kwingine, ulimi wenye ncha mbili ukitangulia, maana ndio anaonusia. Kaa, chura, samaki aliyeoza, hachagui. Nilimsalimia: "Umeamka?" Alinigeuzia jicho moja, nami nikafurahi. Msinicheke, nilikuwa mpweke.

Kosa lilikuwa langu. Kwetu, mwanamke akipasua mikeke, samaki wa ziwa letu, hutupa matumbo pale wimbi linapofika, ziwa liyachukue. Nimefanya hivyo tangu utotoni, mkono unatupa wenyewe. Lakini sasa wimbi lilifika chini ya dirisha la jikoni, hatua tatu tu kutoka kwenye kikapu cha kuku. Kumbe kila siku nilikuwa namkaribisha kula.

Siku moja narudi na maji, nakuta kuku yuko juu ya bati anapiga kelele, na kenge kaingiza kichwa kikapuni. Alimeza yai zima, akainua kidevu likashuka, akachukua jingine. Nilishika mchi. Nilimchukia kweli, lakini mkono haukunyanyuka. Alipomaliza yote alipiga mlango kwa mkia, akarudi majini. Nililia sana.

Jumapili ya tatu baada ya siku ile, simu ikalia.

"Mama, kuku iko namna gani?"

"Bado inalalia."

Binti yangu anajua vizuri kwamba kuku hulalia wiki tatu, maana nilimfundisha mimi, na hiyo ilikuwa ya tano.

"Sawa, mama," akasema polepole. "Basi iache ilalie."